Je, nitakuwa nimemwibia Mungu nikilipa deni kwanza?

"Shikamoo Mchungaji. Nina miaka 34, nimeoa na tuna watoto wawili, twaishi Mikindani, hapa Mombasa. Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara ni 52,000, nikikatwa yote hubaki 40,286. Nyumba ni 9,000, shule kama 6,500 kwa mwezi, chakula 13,000, nauli 4,400. Vitu vidogo vya nyumbani hununuliwa na mke wangu, anauza viazi karai jioni. Fungu la kumi natoa 5,200 na sijawahi kuruka. Miezi mitano iliyopita, kwenye kesha, niliinua mkono nikaweka nadhiri ya mbegu ya 60,000 ili Mungu anifunulie kusudi la maisha yangu. Nalipa 5,000 kila mwezi, nimefikisha 25,000. Tangu hapo mambo yamezidi kuharibika. Nina deni la simu la karibu 18,000, cheo nilichokitarajia kazini amepewa mwengine, mtoto aliugua, na mama yangu kule Kaloleni nimesimamisha zile 2,000 za dawa ya presha nilizokuwa nikimtumia. Kanisani nimeambiwa mharibifu amepata mlango kwa kuwa nadhiri haijakamilika, tena kwamba wito wangu ni utumishi na kazi ya bandarini inanizuia. Mke wangu anaijua nadhiri, deni halijui. Nikisimamisha nadhiri nilipe deni, nitakuwa nimemwibia Mungu? Na je, niache kazi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Mara mbili za kwanza nilisoma kama mchungaji, nikasikia hofu: unaogopa kwamba Mungu amekasirika, na kila baya lililoingia nyumbani mwako umelipokea kama risiti ya hasira yake. Mara ya tatu nilichukua kalamu nikajumlisha, maana uliniandikia tarakimu na mtu anayeandika tarakimu anataka zisomwe.

Nyumba, shule, chakula na nauli ni 32,900. Ongeza fungu la kumi, 5,200, unafika 38,100. Katika 40,286 hapo hubaki 2,186. Ndizo zile 2,000 za mama. Kabla ya lile kesha maisha yako yalikuwa yamebana, lakini yalitosha. Kisha ikaingia nadhiri ya 5,000 kwa mwezi mahali palipobaki 2,186. Mama akakatwa, na hata hivyo kila mwezi ukapungukiwa na kama 2,800, ukazitafuta kwenye simu. Mikopo mingi ya aina hiyo hutoza karibu asilimia 8 kwa siku 30. Nimekopa 2,800 kwenye karatasi, mwezi wa pili nikakopa nyingine kulipia ya kwanza na ada yake, nikaendelea hivyo miezi mitano. Nilipofika mwisho, pamoja na ada ya mwezi wa tano, nilipata 17,740.

Deni lako ni karibu 18,000. Kwa hiyo huyo mharibifu uliyeambiwa habari zake, katika jambo hili la deni, simwoni. Naiona nadhiri yenyewe. Sehemu ya ile 25,000 uliyoipeleka madhabahuni ilitoka kwenye dawa za mama yako, na sehemu iliyobaki ilitoka kwa mkopeshaji. Nakwambia kwa upole, maana najua ulitoa kwa moyo mweupe.

Sasa neno la kumwibia Mungu. Linatoka Malaki sura ya 3, na mimi mwenyewe nililihubiri kwa miaka kabla sijalisoma sambamba na Nehemia 13. Ghala linalotajwa pale lilikuwa chumba cha hekalu, chenye nafaka, divai na mafuta. Walawi hawakugawiwa mashamba kama makabila mengine, kwa hiyo zaka, yaani fungu la kumi, ndiyo iliyokuwa chakula chao, kama Hesabu 18 inavyoeleza. Watu walipoacha kuleta, Nehemia aliwakuta Walawi wamekimbilia mashambani kutafuta riziki na nyumba ya Mungu imeachwa. Na kila mwaka wa tatu, kwa Kumbukumbu la Torati 14, zaka iliwekwa mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale na kushiba. Kumnyima Mungu hapo maana yake ilikuwa watu walale njaa. Rudi nyuma aya chache tu, Malaki 3:5, uone anaowashtaki Bwana: wanaomwonea kibarua katika mshahara wake, na wanaomwonea mjane na yatima. Sura ileile. Ni vigumu kuitumia sura hiyo kumtisha mwana aliyeacha kumtumia mama yake dawa ili amalize ahadi ya mbegu.

Kuhusu laana inayotajwa katika sura hiyohiyo, wewe ni Mkristo. Wagalatia 3:13 husema Kristo alitukomboa katika laana ya torati kwa kufanywa laana kwa ajili yetu. Laana iliyokwisha kulipiwa msalabani hailipiwi tena kwa awamu kwenye Paybill.

Je, fungu la kumi ni sheria kwa Mkristo? Hapa nitakuwa mkweli: makanisa hayakubaliani, na wako watu wacha Mungu pande zote. Mimi naamini ni kipimo kizuri, kipimo kinachomfundisha mtu kwamba mshahara haukuanzia mikononi mwake. Lakini Paulo alipochangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, akaandika sura mbili nzima kwa Wakorintho, ya 8 na ya 9 katika waraka wa pili, hakutaja asilimia hata mara moja. Alisema kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Na alisema jambo ambalo natamani lingesomwa kila Jumapili kabla ya vikapu kuzunguka: nia ikiwapo, sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Pesa za mkopo ni zile usizo nazo. Ni za mwenyewe, na siku 30 zikiisha atazidai.

Sisi tulioishi Mombasa tuna majirani wa kutufundisha hili. Zaka ya Waislamu haitolewi na kila mtu. Hutolewa na aliyefikisha kiwango fulani cha mali, na miongoni mwa watu wanaostahili kuipokea ni mtu aliyelemewa na madeni. Torati yetu ina moyo uleule kwa mjane na yatima. Mtu aliye katika hali yako huenda ni wa kusaidiwa na kanisa kabla ya kuchangishwa nalo. Najua kusikia hivyo kunauma. Wengi wetu tungependa tuonekane watoaji hata nyumbani kukiwa kumekauka.

Utaambiwa: lakini nadhiri ni nadhiri. Utasomewa Mhubiri 5, kwamba ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa, na kwamba ni afadhali usiweke kuliko kuiweka usiiondoe. Aya hizo ni za kweli na sitazikwepa. Ndiyo maana neno la mtu mzima halipaswi kutolewa saa nane za usiku, muziki umepanda, anayehesabu mikono ameshika kipaza sauti. Lakini torati iliyoheshimu nadhiri ilijua pia kwamba binadamu huahidi kuliko uwezo wake. Fungua Walawi 27:8. Aliyeweka nadhiri akiwa maskini kuliko kima kilichopangwa, atasimamishwa mbele ya kuhani, naye kuhani atamhesabia upya kadiri ya uwezo wake. Kuhani ndiye aliyepewa kazi ya kuipunguza. Kwa hiyo una haki ya kwenda kwa mchungaji wako, ukiwa na karatasi ya mahesabu mkononi, useme: niliahidi kuliko uwezo wangu, nihesabie upya. Jibu atakalokupa litakueleza mengi kuhusu yeye.

Kuna jambo zito zaidi ya nadhiri. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliokuwa wakimwambia baba au mama: kile ambacho ungefaidiwa nacho kwangu ni Korbani, yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu. Wazazi wakakosa, na wenyewe wakaonekana wacha Mungu. Yesu alisema hivyo ndivyo walivyolitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Presha ya mama yako haijui kwamba pesa zake zimewekwa wakfu. Mgonjwa wa presha akikatiza dawa, mara nyingi hasikii chochote mpaka siku ya kiharusi. Kama kuna jambo linalonitia wasiwasi katika ujumbe wako wote, ni hilo.

Huenda unajiuliza, mbona wengine wamepanda mbegu wakavuna, na ushuhuda wao umeusikia kwa masikio yako? Sina sababu ya kudhani wanadanganya. Lakini fikiria anayepewa kipaza sauti. Watu mia wakipanda, watano wakapata kazi mwaka huo kama ambavyo pengine wangeipata hata hivyo, watano hao wataitwa mbele. Wale 95 watakaa kimya vitini, kila mmoja akidhani yeye ndiye peke yake ambaye imani yake ilipungua. Baada ya miaka michache ya Jumapili kama hizo, moyo unaamini kwamba hakuna apandaye asivune. Hofu nayo hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, ila imegeuzwa. Mtoto wako angeweza kuugua mwezi wowote. Cheo hupewa mtu mmoja tu kati ya wanaokitaka. Lakini ukishaambiwa mlango uko wazi, kila kinachoingia unakisia kimepitia hapo, na siku zilizopita salama hazihesabiwi. Nimeketi na waumini ambao hofu hii iliwala miaka, mtu anaamka usiku kukumbuka sadaka ya shilingi mia aliyoikosa mwaka juzi.

Ulichofanya kwenye kesha, kwa maneno yangu, ni kutaka kulinunua kusudi lako. Mungu hakulitia bei. Waefeso 2:10 husema matendo mema alikwisha kuyatengeneza tangu awali ili tuenende nayo, tena aya mbili tu juu yake imeandikwa ni kwa neema, ni kipawa cha Mungu. Hapo nadhani ndipo penye mzizi wa shida yako yote: zawadi umeigeuza deni. Deni huogopwa, na mtu anayemwogopa anayemdai hawezi kumpenda.

Hilo linanileta kwenye kazi. Sikuoni ukiacha kazi, na nitakueleza kwa nini kirefu kidogo, maana swali hili naletewa sana na vijana wa mji huu.

Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini, wao walikuwa na kazi iliyonuka kuliko yako. Hakuwaambia waache meza zao wamfuate jangwani. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari nao aliwaambia wasidhulumu mtu, watosheke na mshahara wao. Hayo yako Luka 3. Ni kweli Yesu alimwita mtoza ushuru mmoja aiache meza yake, na Mungu bado huwaita wengine hivyo, lakini Zakayo alibaki Yeriko akitoa nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne alichodhulumu. Paulo, mtume, alishona mahema Korintho ili apate kuhubiri bila kumlemea mtu. Sasa wewe ni karani wa mizigo. Wajua kuliko mimi ni makaratasi mangapi hukwama hadi mtu atoe chai, na ni wafanyabiashara wangapi wadogo hulipa gharama za kontena kukaa bandarini kwa sababu mtu fulani alisubiri kitu kidogo. Karani mwaminifu pale Kilindini, anayeandika uzito wa kweli na kumwambia mteja gharama ya kweli, anamtumikia Mungu saa nane kwa siku mahali ambapo mimi na mimbari yangu hatufiki. Waefeso 4:28 inatoa hata sababu ya kufanya kazi kwa mikono: mtu apate kitu cha kumgawia mhitaji. Ukiiacha kazi, utagawa nini?

Kuhusu wito na matunda, nenda siku moja Rabai, si mbali na ulipo. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mmisionari mwenzake, Rebmann, alijiunga naye mwaka 1846, akakaa Rabai karibu miaka 29. Waongofu walikuwa wachache mno. Aliondoka mwaka 1875 akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata. Kwa kipimo cha mafanikio tunachopigiwa siku hizi, mtu huyo hakuwahi kufunguliwa mlango. Lakini mwaka aliotoka Rabai ndio ambapo kijiji cha Frere Town kilikuwa kinajengwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele yao ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Nikipita pale huwa nafikiri habari za wale ambao hawakuyaona matunda na wakabaki.

Tufike kwenye la kufanya. Nadhiri isimamishe mwezi huu, hadi uhesabiwe upya. Ikisimama, baada ya chakula, nyumba, shule na nauli una 7,386 za kugawa kati ya mama, deni na kanisa. Mama ni 2,000, hizo hazijadiliwi. Kwa deni naona njia mbili. Ya kwanza ni kulipa simu 4,000 kila mwezi bila kukopa tena hata senti. Kwa ada ile niliyoikisia deni litaisha mwezi wa sita, na katika miezi hiyo kanisani utatoa kama 1,300. Ya pili ni kukopa mahali penye riba ndogo, kama chama au Sacco, ukalipe simu yote mara moja. Kwa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, 18,000 hulipwa mwaka mmoja kwa takriban 1,600 kila mwezi, na kanisani ungeweza kuendelea na 3,000. Njia ya pili ni nyepesi kwa mwezi lakini ina mtego: simu ikishalipwa hukupandishia kiwango cha kukopa, na mwenye kiu akiona maji hunywa. Kama hujaamini kwamba waweza kuifuta kabisa ile programu, chukua ya kwanza. Mimi ningekushauri ya kwanza.

Wako watakaosema katika miezi hiyo usitoe chochote kanisani mpaka deni liishe, na hoja yao ina nguvu, maana Zaburi 37 humwita asiye haki yule anayekopa asilipe. Sikatai. Ila nimeona kwamba anayeacha kutoa kabisa kwa sababu ya hofu iliyomchosha, mara nyingi hubaki na uchungu, mkono ukajifunga hata mambo yalipotengemaa. Toa hizo 1,300 kwa furaha. Wakati mwingine ziwe sahani ya viazi na uji kwa jirani aliyefiwa. Deni likiisha rudi kwenye fungu la kumi ukitaka, na likokotolewe kwenye kile kinachofika mkononi mwako. Wengine hukokotoa kabla ya makato, nao wana sababu zao, lakini hakuna aya inayokulazimisha utoe fungu la kumi la PAYE, yaani kodi ya mshahara.

Kabla ya hayo yote, mwambie mke wako. Mwambie leo jioni, watoto wakilala, karatasi ikiwa mezani. Usianze na maelezo, anza na tarakimu: nadaiwa 18,000. Ataumia, na ana haki ya kuumia. Mwanamke anayesimama mbele ya karai la mafuta moto kila jioni asikie kwamba mumewe amekuwa akikopa kimya kimya atasema maneno. Yapokee. Njia zote mbili nilizoandika hazifiki popote bila yeye, na kama yumo kwenye chama, mlango wa chama hicho anaufungua yeye.

Mchungaji wako sitamhukumu nisiyemjua. Nenda kwake na mzee mmoja wa kanisa mnayemwamini nyote. Akikuhesabia upya na kukuombea, umepata ndugu. Akikutisha kwa kifo au laana, akikutaka uuze kitu cha familia, akisema uache kazi mara moja, au mtu akiambiwa aache dawa kwa kuwa hospitali haihitajiki tena, toka hapo siku hiyohiyo na umweleze mtu wa nje. Sisi wa Pwani hatuna ruhusa ya kuyachukulia haya kwa wepesi. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ilifukuliwa Shakahola, hapa jirani Kilifi. Silifananishi kanisa lako na pale. Nasema tu kwamba watu wale nao walikuwa na kazi, mashamba na watoto shuleni, na waliombwa wayaache kidogo kidogo.

Wakopeshaji wakianza kuwapigia watu walio kwenye orodha yako ya simu, jua kwamba kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza hilo, unaweza kuwashtaki. Na kama usingizi umekuhama, huli, au wazo la kwamba afadhali ufe limekupitia hata mara moja, usisubiri jibu langu jingine. Ongea na mtu ana kwa ana, nenda hospitali, hata Coast General, uwaambie hivyo hivyo ulivyohisi. Madaktari wa akili wapo, na kwenda kwao si kupungukiwa imani.

Leo, kabla hujakaa na mke wako, mpigie mama. Muulize dawa zilizobaki ni za siku ngapi.